Nilimwambia "Pita Ngong Road", na Akapita

Leo sina stori ya mapenzi wala ya Arsenal. Leo nataka tuongee kuhusu neno moja lililomfanya mzee mmoja apoteze pesa ya siku nzima, na aliyeandika hilo neno ni mimi.

Wale mmekaa na mimi kitambo mnajua kabla ya hii kazi ya kontenti nilifanya vibarua vya kila aina. Kimoja kilikuwa cha kampuni ndogo ya kupeleka chakula, sitaitaja. Mteja anaandika maelekezo kwa Kiingereza, mimi nayasoma, nayaweka kwa Kiswahili, namtumia mtu wa boda kwa WhatsApp. Hiyo tu. Bosi aliponihoji aliniuliza swali moja: KCSE English ulipata nini? Nikamwambia A minus. Akasema nianze Jumatatu.

Sasa, jioni moja ya mvua ikaingia oda ya burger na chips, 2,300 bob. Mteja ni mzungu, anaishi upande wa pili wa Southern Bypass. Akaandika vizuri kabisa, bila haraka: "Go past Ngong Road and come off at the next exit." Nilielewa. Nataka hilo likae wazi kabla hamjaanza kunicheka. Nilijua anamaanisha mtu wa boda akae kwa bypass, aache ile kona ya Ngong Road, atoke kwa ile inayofuata. Nikaandika: "Mzee, shika Southern Bypass. Pita Ngong Road halafu utoke exit inayofuata."

Dakika arobaini baadaye mteja anapiga simu, amekasirika. Nampigia mzee. Yuko wapi? Yuko Ngong Road. Ndani ya jam, amelowa, ameelekea Karen, anatafuta "exit inayofuata" kwa barabara ambayo exit haina.

Oda ikafutwa. Na sheria ya hiyo kampuni ilikuwa, ukichelewesha chakula mpaka mteja afute, unakilipia wewe. Mzee alikatwa 2,300. Chips alipelekea watoto wake zikiwa baridi. Aliniambia walifurahi sana, wakamwuliza kama kesho pia ataleta.

Kesho yake nilimtafuta pale boda zinapoegeshwa ili nimwombe msamaha, lakini pia, wacha niwe mkweli, nilienda nikiwa na moyo wa kujitetea. Nilikuwa na meseji kwa simu. Nilikuwa na A minus. Nikamwonyesha: "Mzee wangu, si niliandika upite Ngong Road?"

Akanitazama tu. "Kijana wangu, uliniambia nipite Ngong Road. Nilipita."

Nikabaki nimetoa macho. Kwa sababu ukiisoma tena ile meseji, mzee yuko sawa. Pita Ngong Road, yaani tumia Ngong Road. Pita Ngong Road, yaani iache nyuma usiiguse. Maneno yaleyale, barabara mbili tofauti.

Mzee ni mtu wa Kilifi, ameishi Nairobi miaka mingi lakini Kiswahili chake hakijawahi kuhamia huku. Akaniambia, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu: "Ungeniambia nipitilize. Kupita ni kupita. Kupitiliza ndiyo kuacha nyuma."

Pitiliza. Hilo neno nalijua! Si ndilo tunatumia ukilala kwa matatu ukaamka Githurai na ulikuwa unaenda Roysambu? "Maze nimepitiliza." Nilikuwa nalo mfukoni miaka yote na siku niliyolihitaji sikulitoa.

Basi tangu siku hiyo nimekuwa kama mgonjwa. Sisikii tena mtu akitaja mahali bila kuchunguza ametumia neno gani kufika huko. Angalia tu hii "pita" yetu. Pita na hii njia. Pita hapa katikati. Pita kwa mama mboga ununue nyanya. Hilo gari limetupita. Saa kumi nitakupitia twende. Mwingereza hapo ametumia vitenzi tofauti kabisa na vijineno vyake: "go along", "go through", "stop by", "overtake", "pick up". Na ile ya kuacha kitu nyuma ndiyo "go past". Sisi tuna moja, na tunategemea msikilizaji awe anajua tunakoenda. Mara nyingi anajua. Mkiwa mtaa mmoja, mna stage moja na mama mboga mmoja, hakuna anayepotea. Shida inaanza maelekezo yakitoka kwa mtu mmoja, yakapitia kwa wa pili, yakafikia wa tatu ambaye yuko kwa mvua na simu iko asilimia nane.

Na usidhani kosa linaenda upande mmoja tu. Wiki hiyohiyo niliandikia mteja mwingine kwa Kiingereza changu safi: "The rider will pass by your gate at seven." Kwetu hiyo ni lugha ya heshima kabisa. Nitapita kwako, "I will pass by your place", chai iwe tayari. Mteja akajibu: "Why would he pass by? Please tell him to stop." Nilidhani anatania. Kumbe kwa masikio yake "pass by" ni kupita bila kusimama, kama vile mtu anavyokupita barabarani na deni lako. Kwake mtu anayekuja na kusimama ana-"stop by", ana-"drop by", ana-"come by". Ile "by" ni moja, lakini kitenzi kilicho mbele yake ndicho kinaamua kama utapata chakula au la. Kwa hivyo kwenye Kiingereza cha Kenya tumechukua "pita" yetu na maana zake zote, tukaivalisha suti, tukaitoa ikiitwa "pass by". Mkenya mwenzako anaelewa mara moja. Mgeni anabaki kwa dirisha akitazama boda ikipotea.

Sasa mtasema, lakini si phrasal verbs tulifundishwa shule? Ndiyo. Hapo ndipo nina hasira kidogo.

Kumbukeni venye tulifundishwa. Mwalimu anaandika ubaoni: "put off", "put up with", "give in", "look forward to", "call off". Kulia anaandika maana. Unakariri. KCSE paper two kuna lile swali la kubadilisha maneno kwa phrasal verb, alama chache, unaandika, unasonga. Nilikuwa noma kwa hilo swali. Lakini zile tulizokariri zilikuwa ni za maisha ya mtu ambaye haendi popote. Anaahirisha, anavumilia, anakubali, anatazamia. Hakuna siku tulifundishwa "get off at", "turn off", "pull into", "head down to", "cut through", "come off". Zile za barabara. Zile ambazo ukikosea mtu analowa.

Na zile za barabara ndizo zingetufungua macho, kwa sababu ndizo zinaonyesha venye Kiingereza kinafikiri. Chukua "go". Yenyewe haina mwelekeo, ni mwendo tu. Weka "in", umeingia. Weka "out", umetoka. "Up", umepanda. "Down", umeshuka. "Back", umerudi. "Across", umevuka. Ona sasa upande wetu: ingia, toka, panda, shuka, rudi, vuka. Maneno mazima, kila moja na njia yake tumboni. Kiswahili kinaweka barabara ndani ya kitenzi. Kiingereza kinaiweka nje, kwa kale kaneno kanachoning'inia nyuma kama konda mlangoni.

Hii si akili yangu. Kabla sijaacha chuo nilifanya unit moja ya isimu, na ndicho kitu pekee nilichobeba kutoka huko mbali na deni la HELB. Kuna mtaalamu wa Marekani anaitwa Leonard Talmy aliyezigawa lugha kwa njia hiyo: zile zinazobeba njia ndani ya kitenzi, kama Kihispania na Kifaransa, na zile zinazoibeba nje, kama Kiingereza na Kijerumani. Mhadhiri alitoa mfano wa chupa kuelea na kuingia kwa pango. Chupa. Tuko Nairobi, mji wenye matatu, na tunafundishwa kwa chupa.

Wacha nikupe wa kwetu. Konda ameruka nje ya gari likiwa linatembea. Kiingereza: "He jumped off." Kitenzi kinakuambia namna, ameruka. "Off" inakuambia njia, ametoka kwa gari. Kiswahili kinageuza: ameshuka kwa kuruka, au ameshuka gari likienda. Njia kwanza, namna baadaye kama una muda. Mwizi "ran across the road": amevuka mbio. Jirani "limped into the chemist": ameingia chemist akichechemea. Yule mtoto wa caretaker "sneaked out of the house": ametoka nyumbani kisirisiri. Ndiyo maana ukitafsiri Kiingereza kwa haraka unashika kile kitenzi kikubwa unasahau kale kaneno. Sisi tumezoea mzigo uko mbele. Tukifika nyuma tumeshachoka.

Na ndiyo maana, naamini mimi, Wakenya tunapenda sana neno "alight". Watu wa mtandao wanatucheka eti nani bado anasema "alight" karne hii. Kwanza, ukipanda treni za chini ya ardhi London utasikia hilohilo likitangazwa, "alight here", kwa hivyo tulieni. Pili, angalia umbo lake. Ni neno moja, limebeba safari yote, kama "shuka". "Get off" inakutaka ujenge nyumba kwa matofali mawili. "Alight" unahamia moja kwa moja. Hata "enter", "return" na "descend", yale maneno Kiingereza kilipata kutoka Kilatini kupitia Kifaransa, yamejengwa kama yetu. Ndiyo maana tukiandika barua rasmi tunasikika kama mawakili. Hatujidai. Tunatafuta tu neno lililokaa kama la nyumbani.

Kitu kingine tunachofanya, na hiki nakipenda: tunatupa kale kaneno kabisa. "Pick me at the stage." "Drop me at Kencom." Mwingereza angesema "pick me up", "drop me off". Sisi tumeona "up" ya nini, kwani naenda juu? Na kwa Sheng tumemaliza kazi, "nipick stage", "nidrop hapo kwa lights". Nimeona dada mmoja akichekwa vibaya mtandaoni kwa kusema "pick me at", na waliomcheka ni haohao wanaosema "nipick" asubuhi mpaka jioni.

Lakini nisijifanye eti Kiswahili kiko sawa na sisi ndio tuko sawa. Hapana. Kiswahili kina vifaa na sisi watu wa Nairobi tumeviacha kwa sanduku. Chukua ile -ni ya mwisho. Niko nyumbani, naenda nyumbani, natoka nyumbani, nimeingia nyumbani. Neno ni lilelile, kitenzi ndicho kinafanya kazi yote ya "at", "to", "from" na "into". Inapendeza ukiifikiria. Sisi tumeitupa tukaleta "kwa": kwa nyumba, kwa gari, kwa stage, kwa bed. Hata mimi hapa juu nimeandika "kwa mvua" na sijajali. Halafu kuna hapa, huku na humu. Hapa ni mahali pale hasa. Huku ni upande fulani, hapajulikani vizuri. Humu ni ndani. Mtu wa boda akikuuliza "uko wapi" na ukimjibu "niko huku", umemwambia ukweli lakini hujamwambia kitu. Humu nayo tumewaachia watangazaji wa habari na "humu nchini" yao.

Na kuna ile -ia. Shuka ni kushuka. Shukia ni kushuka mahali fulani: "nitashukia Kencom". Pita ni pita. "Pitia Ngong Road" ni tumia hiyo barabara. "Ipite Ngong Road" ni iache. Ona hiyo i- ndogo ya mbele! Herufi moja. Ningeweka hiyo herufi moja mzee angefika, chips zingekuwa moto, 2,300 ingebaki kwa mfuko wake. Halafu tunasema Kiingereza ndicho kigumu kwa sababu ya vijineno.

Nilimlipa mzee. Si kwa mara moja, maana na mimi nilikuwa nalipwa vibaya. Nilimtumia elfu moja mwisho wa mwezi, mia nane mwezi uliofuata, halafu mia tano. Ile ya mwisho alinirudishia mia mbili akaandika "ya chai". Bosi hajui mpaka leo, na sheria yake haikubadilika. Mimi niliyeandika sikukatwa hata shilingi. Hiyo ndiyo inaniuma zaidi kuliko hiyo sarufi yote. Maelekezo yalitoka kwa mtu mwenye gate, yakapita kwa mtu mwenye A minus, yakamwangukia mtu mwenye boda.

Sasa wacha niwaambie kitu sijawahi kusema hapa.

Mnajua mimi "I dropped out of university". Nimeandika hivyo kwa bio yangu, ni kama imekuwa sehemu ya brandi. Lakini siku moja, nikiwa kwa huu ugonjwa wangu wa maneno, niliangalia hiyo sentensi vizuri. "Drop" ni kuanguka. "Out of" ni kutoka ndani ya kitu. Yaani chuo ni mfuko, mfuko ulikuwa na tundu, mimi ni shilingi iliyochomoka. Hakuna aliyeshona wala aliyetoboa. Nilianguka tu. Na haikuwa hivyo. Karo ya semista ya nne ilikosekana, nikangoja, nikaandika barua, nikangoja tena, halafu asubuhi moja nikakunja godoro, nikabeba jiko ya gas, nikatembea mpaka kwa gate na miguu yangu mwenyewe. Mlinzi alinisaidia kubeba godoro. Mtu anayeanguka habebi godoro.

Kiswahili kinasema niliacha chuo. Hapo angalau niko ndani ya sentensi nikifanya kitu. Lakini hiyo nayo ina lawama yake, kama mtu aliyeacha mke. Kwa hivyo nilikuwa natumia ya Kiingereza nikijificha nyuma ya ile "out", na nilidhani nyumbani wanatumia ile nyingine.

Desemba nilienda ocha. Mama alikuwa na wageni wa chama, wamama kama kumi, chai na mandazi. Niliingia kusalimia, nikapeana mikono yote, nikaombewa. Nikiwa jikoni naongeza maji kwa sufuria nikasikia mmoja akimwuliza, kwa ile sauti ya kutafuta habari, "Na huyu kijana wako wa Nairobi, anaendeleaje na masomo?"

Mama akasema, "Ametoka chuo."

Kukanyamaza kidogo. Mnaelewa hilo neno sasa. Ametoka chuo, amemaliza. Ametoka chuo, ameacha. Ametoka chuo, ameshuka tu gari jana jioni na bado ana vumbi. Njia zote tatu ziko wazi na Mama hakuonyesha kidole hata moja.

"Kwa hivyo amemaliza?" yule mama akauliza.

"Ametoka," Mama akarudia. Halafu akaniita nilete hiyo chai, wageni wanangoja.